UZI: Tulikuwa na shadi 16 kwenye mkondo wa data, bili ikapanda, na data ikaendelea kupotea

TrakaRongai (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Uzi ni mrefu kidogo, aliye na chai aisogeze karibu.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo hapa Nairobi. Tunafunga traka za GPS kwenye matatu, lori na magari ya kusambaza mizigo. Mwenye gari anafungua programu kwenye simu na kuliona gari lake lilipo. Basi.

Ijumaa moja, saa moja na nusu jioni, mvua inanyesha ile ya kufunga mji, mama mmoja mwenye matatu mbili akanipigia. "Kijana, ramani yako inasema gari langu liko Bomas tangu saa kumi na mbili. Mimi niko hapa Rongai naliangalia kwa macho yangu, dereva anakula chapo."

Nikamwambia ni mtandao. Nairobi ukisema ni mtandao hakuna anayebisha. Lakini haikuwa mtandao, na nilijua, kwa sababu Ijumaa iliyotangulia watu watatu walikuwa wamelalamika vivyo hivyo, na ile nyingine kabla yake wawili.

Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda: kila traka inatuma rikodi fupi (namba ya kifaa, saa, latitudo, longitudo, kasi) kwa seva yetu ya mapokezi. Seva hiyo inazisukuma kwenye mkondo wa Kinesis (huduma ya Amazon ya kupokea na kupitisha data mfululizo), na programu nyingine zinasoma kutoka huko: ya ramani, ya ripoti, ya kuonya gari likikimbia kupita kiasi. Mkondo umegawanywa kwa shadi, yaani vipande vinavyofanya kazi sambamba. Shadi moja inapokea rikodi 1,000 kwa sekunde au MB 1 kwa sekunde, chochote kitakachotangulia kujaa, na kusomwa inatoa MB 2 kwa sekunde. Unalipia kila shadi kila saa, utumie usitumie.

Tuna magari kama 4,800, kila moja rikodi moja kila sekunde nne. Hiyo ni rikodi 1,200 kwa sekunde. Lakini traka zetu zimewekwa zitume pia gari likisimama na likiondoka. Sasa fikiria Ijumaa ya mvua, gari linasogea mita tano, linasimama, linasogea tena. Tunafika 2,200.

Tulianza na shadi 4. Data ikakataliwa. Tukapandisha 8. Ikakataliwa. Tukapandisha 16. Bosi akauliza swali ambalo bado linanisumbua: "Tuna nafasi ya rikodi 16,000 kwa sekunde, tunatuma 2,200. Zinakataliwaje?"

Sikuwa na jibu. Nililipata siku iliyofuata, Jumamosi, baada ya kuwasha vipimo vya shadi mojamoja. Mwanzoni vipimo vinaonyesha mkondo mzima tu, hivi vya kila shadi unaviwasha mwenyewe na vina ada yake. Grafu ikatokea: shadi moja imegonga dari, nyingine zimelala chini kabisa, tatu zina kitu kidogo, zilizobaki sifuri.

Kila rikodi inayoingia Kinesis hubeba ufunguo. Mfumo unaupitisha ufunguo huo kwenye hashi ya MD5 (hesabu inayogeuza neno lolote kuwa namba), na matokeo ndiyo yanayoamua shadi ya kwendea. Ufunguo ukiwa uleule, shadi ni ileile, siku zote. Aliyeandika msimbo wetu wa kwanza (simtaji, lakini ndiye anayeandika uzi huu) aliweka mji kuwa ufunguo. NBO, MSA, NKU, KSM. Na asilimia 80 ya magari yetu ni ya Nairobi.

Yaani ni kama sacco imepanga mabasi 16 pale stejini halafu makanga wote wanawasukumia abiria kwenye gari moja. Ukileta mabasi 32, watu watabaki wamening'inia mlangoni kwenye lile lile.

Nimebadilisha ufunguo kuwa namba ya kifaa. Funguo 4,800 zinatawanyika vizuri, na rikodi za gari moja bado zinafuatana kwa mpangilio kwa sababu zote zinaangukia shadi moja. Kisha nikashusha shadi. Hapo napo kuna kitu: huwezi kushuka chini ya nusu kwa amri moja, wala kupanda zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo 16 hadi 8, ngoja imalize, 8 hadi 4. Na amri hiyo ina kikomo cha mara 10 ndani ya saa 24.

Waliopitia haya, nimekosea wapi pengine?

---

Kuku_wa_Kienyeji

Swali la mjinga. Kama rikodi zilikuwa zinakataliwa, msimbo wenu haukupiga kelele?

---

TrakaRongai

Si la mjinga hata kidogo, na nilitarajia mtu asiliulize.

Tunatuma kwa mafungu, hadi rikodi 500 kwa ombi moja. Ombi likirudi, hali yake ni 200. Sawa kabisa, kijani. Ila ndani ya jibu kuna kijisehemu kinaitwa FailedRecordCount. Jumamosi ile nilipokichapisha kwenye logi, nikarudisha data ya Ijumaa jioni kuijaribu, kikaonyesha 213. Rikodi 213 kati ya 500 zimekataliwa, na msimbo wetu ukisoma ile 200 tu unasema "asante" na kutupa fungu zima.

Yaani hatukuwa tunazituma tena. Zilikuwa zinaenda hivyo, miezi.

---

Kuku_wa_Kienyeji

Woi.

---

MkuuWaMagomeni

Wakuu nawasalimu kutoka Dar. Mkuu, kwa nini usihame tu kwenye mpango wa kulipia kwa matumizi? Huo uliokuja 2021, hupangi shadi, unaongezeka wenyewe. Unajitesa bure na hesabu.

---

TrakaRongai

Mkuu karibu. Niliufikiria, nikakaa na kikokotoo.

Kwanza, ufunguo mmoja bado ungekwama kwenye rikodi 1,000 kwa sekunde hata huko. Mfumo unaweza kuipasua shadi iliyojaa, lakini hauwezi kuupasua ufunguo.

Pili, bei. Mkondo wetu uko Virginia (mnajua sababu, ndiko ukurasa wa Amazon ulikokuwa umefunguka siku hiyo). Huko shadi ni senti 1.5 za dola kwa saa, yaani dola 10.80 kwa mwezi wa siku 30. Shadi 16 ni dola 172.80. Shadi 4 ni 43.20. Juu yake kuna ada ya kuandika, dola 0.014 kwa kila rikodi milioni ndogo kama zetu. Tunaandika kama bilioni 3.1 kwa mwezi, hivyo dola 43 nyingine na kitu. Jumla sasa hivi kama dola 87.

Mpango wa matumizi: dola 0.04 kwa saa kwa mkondo kuwepo tu, ambayo ni 28.80 kwa mwezi, halafu dola 0.08 kwa kila GB inayoingia. Unaona ni nafuu. Lakini kila rikodi inahesabiwa kama KB 1 hata ikiwa ndogo. Zetu ni baiti 300. Tunalipia hewa mara mbili ya data. Inatoka kama GB 2,970, dola 237 za kuingiza peke yake, na hujagusa kusoma.

Kwa mtu ambaye data yake haitabiriki na rikodi zake ni kubwa, huo mpango ni mzuri. Sisi tunajua Ijumaa itakuja.

---

BiMikondo

Kaka TrakaRongai, hesabu yako ni nzuri ila umeacha pesa mezani. Kwa nini kila nukta ya gari iwe rikodi yake? Pale kwenye seva ya mapokezi, shikilia nukta tatu za gari moja, ziunganishe, tuma rikodi moja. Baiti 900, bado iko chini ya KB 1. Rikodi 1,200 zinakuwa 400 kwa sekunde. Hata Ijumaa yako ya mvua ni 730 hivi na KB 660. Hiyo inaingia shadi moja. Weka mbili ili ulale. Bili inashuka karibu dola 36.

Gharama yake ni kwamba ramani itachelewa kama sekunde 12. Mama wa Rongai atavumilia sekunde 12, amevumilia saa nzima.

Lakini mimi nilikuja kusema jambo jingine. Nyote mnaangalia mlango wa kuingilia. Mikondo mingi inakufia kwenye mlango wa kutokea.

Shadi inakubali maombi matano tu ya kusoma kwa sekunde, na hayo matano wanagawana wasomaji wote. Ukiwa na programu moja inayosoma kila sekunde, raha. Ramani, ripoti, tahadhari za mwendo, nakala ya kuhifadhi, na ya yule kijana wa majaribio: tano. Ya sita ikija, wanaanza kunyang'anyana. Kuna njia ya kila msomaji kupata MB 2 zake mwenyewe kwa kila shadi, unalipia zaidi. Mimi naipa ile programu moja tu ambayo haiwezi kusubiri, wengine wakae foleni.

Halafu kipimo cha kukiangalia kila asubuhi kabla ya mandazi ni IteratorAgeMilliseconds. Kinakwambia msomaji yuko nyuma kwa muda gani. Kikiwa karibu na sifuri, uko salama. Kikianza kupanda mstari ulionyooka, kuna shadi imekwama.

Iliyonikuta mimi, nilikuwa kampuni nyingine, ya magari pia. Msomaji wetu alikuwa Lambda, huduma ya Amazon inayoendesha msimbo wako data ikifika. Ijumaa usiku kifaa kimoja kizee kikaanza kutuma rikodi zinazodai ni mwaka 2004, moja baada ya nyingine. GPS huhesabu wiki kwa namba inayofika 1,023 kisha inarudi sifuri, kila baada ya wiki 1,024, yaani kama miaka 19 na nusu. Kifaa ambacho programu yake haijui kuwa hesabu imezunguka kinajiona bado kiko zamani. Msimbo wetu ulipokutana na 2004 ukaanguka. Lambda ikajaribu tena lile fungu. Likaanguka. Ikajaribu tena.

Usipoiambia vinginevyo, Lambda itarudia fungu hilo mpaka muda wa data uishe. Na haisongi mbele, kwa sababu mpangilio lazima ulindwe. Kwa hiyo rikodi mbovu za gari moja zikazuia kila gari lililo kwenye shadi ile. Muda wa kuhifadhi data ulikuwa ule wa mwanzo, saa 24. Tulijua Jumatatu asubuhi. Data ya magari yale kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili asubuhi ilikuwa imeshafutika.

Siku hizi naweka: rudia mara tatu, ligawe fungu nusu kwa nusu mpaka rikodi mbovu ibaki peke yake, kisha itupe kwenye foleni ya pembeni nitaitazama baadaye. Na muda wa kuhifadhi siku 7. Unaweza kufika hata siku 365, lakini muda wa ziada hutozwa, na hadi hizo siku 7 ni kwa kila shadi, kwa hiyo shadi zako 16 zingekuuma mara mbili.

---

TrakaRongai

Dada, ulipoandika "Jumatatu asubuhi" nimeacha chai. Nimekwenda kuangalia yetu. Marudio: bila kikomo. Muda: saa 24.

Nabadilisha sasa hivi.

---

Fundi_Kafka254

Mimi nasema kila siku, wekeni Kafka yenu (programu ya mikondo unayoiendesha kwenye seva zako) mkae na amani. Ni bure. LinkedIn waliitoa kwa umma 2011. Hakuna mtu wa kukuhesabia KB.

---

BiMikondo

Fundi, ni bure kama mbwa wa kupewa ni bure. Seva tatu, diski, na mtu wa kuamka saa tisa usiku diski ikijaa. Huyo mtu mshahara wake ni shilingi ngapi, na dola 36 ni shilingi ngapi?

---

Fundi_Kafka254

Haya, kwa dola 36 nimenyamaza. Lakini ukifika mahali unalipa dola elfu mbili tutaongea tena. Na tangu toleo la 4.0, Machi 2025, ZooKeeper (programu ya pembeni iliyoratibu seva za Kafka) imetolewa kabisa, kwa hiyo kazi ya kuitunza imepungua.

Ila nitakuwa mkweli kwa TrakaRongai: kosa lako lingekuuma hata kwenye Kafka. Huko kizigeo (ndiyo shadi ya Kafka) unaweza kuongeza lakini huwezi kupunguza, mpaka uunde mada mpya (yaani mkondo) uhamishie data. Na ukiongeza, funguo zinahamia vizigeo vingine, mpangilio wa gari moja unavurugika hapo katikati. Wewe ulipobadilisha ufunguo hukupata magari yanayoruka nyuma kwenye ramani?

---

TrakaRongai

Yaliruka! Kwa dakika kama nne hivi. Nukta za zamani zilikuwa bado zinasomwa kwenye shadi ya NBO, mpya zimeshaingia kwingine. Gari likitoka Westlands linarudi Museum Hill linakwenda tena Westlands. Nilikuwa nimebadilisha saa nane usiku kwa sababu hiyo, na programu ya ramani nikaiambia ikiona nukta yenye saa ya nyuma kuliko ya mwisho iitupe.

---

NakuruMwenyeji

Upande wa Azure, wingu la Microsoft, ni hadithi ileile, kwa walioko huko. Event Hubs, huduma yao ya mikondo, wanaita vipimo vya uwezo, kimoja ni MB 1 au matukio 1,000 kwa sekunde kuingia, MB 2 kutoka. Kuna swichi ya kupandisha vyenyewe mzigo ukizidi. Kushusha haishushi. Ilipanda siku ya mzigo mkubwa Desemba na sisi tukalipa bei ya Desemba mpaka Machi, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kurudisha chini kwa mkono.

---

Kuku_wa_Kienyeji

Mvua sawa. Je mtandao ukikatika kweli?

---

TrakaRongai

Hiyo tulifundishwa 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na Afrika Mashariki nzima ikatambaa siku kadhaa. Seva yetu ya mapokezi iko hapa Nairobi, mkondo uko ng'ambo. Nukta zikajazana kwenye diski ya seva. Njia ilipofunguka, seva ikajaribu kuzisukuma zote kwa pamoja, zikakataliwa, ikajaribu tena zote kwa pamoja.

Siku hizi data mpya inatangulia, ya zamani inafuata taratibu kwenye mkondo wake wa pembeni, na jaribio lililoshindwa linasubiri muda wa kubahatisha kabla ya kurudia, kila mara mrefu kidogo.

---

Wakili_Pembeni

Samahani kuingilia, mimi si mtu wa kompyuta. Mahali gari lilipo kila sekunde nne ni mahali dereva alipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hiyo kama data ya mtu, na ina masharti ya kuipeleka nje ya Kenya. Mmeandika mahali popote kwa nini iko Virginia?

---

TrakaRongai

Wakili, sababu iliyoandikwa kwa sasa ni ile niliyoisema hapo juu kwenye mabano. Nimempelekea bosi swali lako kama lilivyo.

---

Atachi2023

Mimi nilikuwa atachi (mwanafunzi wa mafunzo kazini) kwa kampuni moja ya fedha, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta mikondo iliyosahaulika. Nilikuta tisa. "jaribio", "jaribio2", "jaribio-mpya", "usifute". Hakuna anayeandika, hakuna anayesoma, shadi zinalipiwa.

Nilivyofanya: kila mkondo nikaangalia baiti zinazoingia na maombi ya kusoma kwa wiki mbili nyuma. Kwa mikondo yenye sifuri kote nikawauliza watu kwa jina, mmoja mmoja. Usitume ujumbe kwa kikundi, hakuna anayejibu kikundi. Kisha nikafuta, na ukifuta mkondo data yake imekwenda, hakuna pipa la taka la kuirudisha.

"usifute" sikuufuta. Hadi naondoka hakuna aliyejua ni wa nini.

Kumbuka pia majedwali ya DynamoDB, hifadhidata ya Amazon. Maktaba ya kusomea Kinesis hutengeneza jedwali la kukumbuka imefika wapi, na mkondo ukifa jedwali linabaki.

---

MkuuWaMagomeni

Sisi kila kitu kinaandikwa kwenye faili za Terraform (zana ya kuunda mikondo na seva kwa msimbo), na mkondo usio na lebo ya mwenye nao haupiti. Ukitaka jina la kuchekesha, sawa, lakini jina lako liwe pembeni yake.

---

TrakaRongai

Marejesho kwa waliouliza kwenye ujumbe wa faragha. Jana ilikuwa Ijumaa, na imenyesha kuanzia saa kumi na moja. Nilibaki ofisini. Uunganishaji wa nukta tatu aliosema BiMikondo umewashwa tangu Jumanne, shadi ziko mbili. Saa moja na robo tulifika rikodi 741 kwa sekunde, moja ikibeba 380, nyingine 361. Zilizokataliwa, sifuri. Msomaji wa ramani hakuchelewa zaidi ya sekunde moja.

Mama wa Rongai alipiga simu saa mbili. Nikaogopa kupokea. Alitaka kujua kama tunafunga traka kwenye pikipiki.

---

NakuruMwenyeji

Nimetoka kufungua msimbo wetu baada ya kusoma huu uzi. Ufunguo wetu ni neno "test". Kila rikodi. Tangu Februari.